Kiti Kisichouzwa

Jumamosi wageni wa Cape Town wanapofika katika mji wetu mdogo kwenye nyika kame ya Karoo kununua vitu vya kale, jirani yangu mwenye duka huwa ameshaketi kwenye kiti chake cha kamba za ngozi, akichovya biskuti kavu katika kahawa. Huuza chochote dukani ila hicho kiti. Mtu akikiulizia, vidole vyake vyenye makombo hukamata mkono wa kiti, na sauti yake hushuka.

“Kina kunguni, mwanangu.”

Juzi mgeni mmoja hakutishika. “Kunguni wana dawa, shangazi.”

“Mjomba wangu alikata roho akiwa amekikalia.”

“Kumbe kina historia.” Mgeni akafungua pochi.

“Na bado huja kukikalia.”

“Basi nitamchukua naye.”

Jirani yangu akafumba macho kama anayemeza shubiri. “Kusema kweli, ni kipya. Kimetoka kiwandani mwaka jana.”

Mgeni akarudi nyuma kana kwamba kiti kimemuunguza, akaenda zake duka la pili. Nilikuwa pale kando, nikitazama mabirika, nikamwona jirani yangu akiinama na kuupapasa ule mkono wa kiti taratibu.

“Nisamehe, mzee wangu,” akakinong'oneza. “Ningesema nini tena?”