Mwalimu Hippolyte na Visanduku vya Chaki

Bwana yangu Hippolyte alikuwa na miaka makumi ine na moja wakati alianza kusoma informatique, elimu ya computer. Fikiri. Mwalimu wa primaire hapa Butembo, serkali hailipe toka vita ianze, na yeye njo anaenda kukaa ku banc moja na batoto ba juzi. Kitabu ilikuwa moja kwa banafunzi bote: photocopie ya kifaransa, page zingine wino imeisha, inafundisha namna ya kuchora kazi ya batu mbele ya kuiingiza ndani ya machine. Machine yenyewe alikuwa anaigusa mara moja kwa juma, kama mafuta ya groupe ya umeme iko.

Kila mangaribi alichora visanduku na chaki ku mulango yetu. «Germaine, angalia. Classe ni moule, kalibu ya matofali. Objet ni tofali yenyewe. Kila tofali iko na mambo yake, na kazi yake.»

«Na wewe uko tofali gani, ile moto haikuivisha?»

Nilikuwa nimechoka. Natoka soko na miguu inavimba, nakuta mulango imejaa chaki na majani ya sombe haijatwangwa. Mais sikufuta. Bureau moja ya Beni ilimuahidia kazi kama anapata diplôme, na miaka tatu tulikula mara moja kwa siku, tunangojea ile diplôme.

Kwa travail, kazi yake ya mwisho ya masomo, alichagua liste ya bakimbizi. Mwanzo wa 2003 batu balitoka upande wa Mambasa, balijaa Beni ndani ya nyumba za masomo. Kitabu inasema: nenda kwa batu benyewe, uliza, kisha chora. Akapanda camionnette, akarudi na cahier imejaa majina. Famille moja, kisanduku moja. Mutoto moja, kisanduku moja, na pembeni neno: iko, ao anatafutwa.

Siku ya kutetea ile kazi mbele ya jury, ma-prof batatu, Banande sawa sisi, balitikisa kichwa, balifurahi. Wa ine alikuwa prof Malachie, mutu wa Kasai, hajue desturi yetu. Akaweka kidole ku kisanduku ya mama moja, jina yake Léa.

«Huyu mama iko na mutoto moja, Kasereka. Sasa aba bawili, Paluku na Kambale, umeandika banatafutwa. Nani alikuambia?»

Hippolyte alishangaa. Kwetu jina inafuata kuzaliwa: kijana wa kwanza Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka. Ukiona Kasereka, lazima bale bawili balizaliwa mbele yake, na kama habaonekane, banatafutwa.

«Donc ulimuuliza mama yao?»

«Hapana. Niliona haya.»

Hata ma-prof ba kwetu habangeuliza. Mama mwenye mutoto anakosekana, kwetu haumuulize. Jury ikamupa juma mbili: arudie ile kazi vizuri, ao aanze mwaka upya.

Akarudi, akakaa chini. «Sitaweza kumuuliza, Germaine.»

Nilikasirika kabisa. Miaka tatu ya njaa, na inashindwa juu ya neno moja. Kuuliza si ujinga, na yeye mwalimu. Nikafunga kitenge, tukaenda Beni bawili. Barrière tano, na kila barrière basoda banataka kitu.

Mama Léa alikuwa anachambua maharagi. Nikakaa naye, nikachambua, kisha nikauliza. Hakukasirika.

«Balikufa na surua, mbele vita haijaanza. Nilibazika mimi mwenyewe. Habatafutwe.»

Hippolyte akafuta neno moja, akaandika ingine. Njo yule mama akaniangalia. «Na wewe, mama? Wako ni bangapi?»

Toka niolewe hakuna mutu aliniuliza vile. «Nilizaa bane,» nikasema. «Bawili njo banabakia.» Nikataja bale bengine, moja moja, na miaka yao. Bwana yangu aliinamisha kichwa ku cahier. Tulibazika pamoja mimi na yeye, na toka ile siku hakuniuliza juu yao hata mara moja.

Jury ilimukubali siku ya posho, njo jumamosi. Mimi sikuenda. Nilibakia ku nyumba, nikalia batoto bangu bawili balikufa, kwa sauti yote, bila kuficha. Bajirani balisikia. Hakuna hata moja alikuja kuuliza.