Simu ya Kumsikilizia Mtoto

Shemeji yangu ni fundi simu, na wateja wake wamempa jina la Dakika Mbili. Ukimpelekea simu iliyopasuka kioo atakuambia, "Kaa hapo, dakika mbili tu," nawe utakaa mpaka kiti kikuchoke. Hana hila; anaamini kabisa anachokisema.

Dada yangu, mkewe, hasikii tangu augue homa akiwa na miaka minne. Anashona nguo nyumbani, na nyumba ile huzungumza kwa mikono. Alipopata ujauzito, jambo moja lilimkosesha raha. Aliniuliza kwa mikono: mtoto akilia chumbani nami niko kwenye cherehani, nani ataniambia?

Dakika Mbili akadakia. Simu kuukuu ikae kando ya kitanda cha mtoto, isikilize. Mtoto akilia, simu ya mama mfukoni itetemeke. Programu ataiandika mwenyewe, maana alikuwa amejifunza kwa video. Nikamkumbusha kwamba imebaki miezi sita tu mtoto azaliwe. "Miezi sita yote hiyo ya nini, shemeji? Wiki mbili namaliza, nyingine napumzika."

Wiki mbili hizo alichagua rangi. Kisha akachora katoto kanakopepesa macho. Kisha akaona heri programu itofautishe kilio cha njaa na cha usingizi, na ihesabu vilio vya wiki nzima. Kila nilipopita dukani alinionyesha kitu kipya kinachong'aa. Nikimuuliza, "Inasikia?" ananijibu, "Hiyo ndiyo sehemu rahisi, nimeiacha ya mwisho."

Mtoto, wa kike, hakungoja kalenda. Alikuja wiki tatu kabla. Mama yetu akafunga safari kuja kusaidia, na siku ya tano akaishika ile simu. Akamtazama mjukuu anavyolia, akaitazama simu inavyopepesa macho.

"Mwanangu," alimwambia mkwewe kwa upole, "ni nzuri. Lakini inasikia, au inajipamba tu?"

Shemeji akaichukua simu, akatoka nayo. Baadaye nilimkuta uani akifua nepi, macho mekundu. "Nilikuwa na miezi sita, shemeji," alisema. "Nimeimaliza kwa vitu ambavyo mke wangu hakuniomba."

Mama angerudi kwake baada ya wiki tatu. Asubuhi duka, jioni nepi na maji ya kuoga. Muda uliobaki wa kuandika programu ni usingizi wa mtoto wa mchana, shemeji akija kula, dakika arobaini ukibahatika. Siku ya kwanza zote ziliishia kutafuta alipokomea. Ya pili vilevile. Ya tatu dada akamwekea chaki yake ya kushonea na kipande cha karatasi, akamweleza kwa mikono: andika kitu kimoja cha leo. Ukiinuka, andika cha kesho. Mimi sikati mikono ya gauni kabla kiwiliwili hakijakaa.

"Na picha ya katoto je?" shemeji akauliza.

Dada akafanya vidole kama mtu anayekata uzi.

Shemeji akaifuta, na siku hiyo hakula vizuri. Lakini kazi ikaanza kusogea. Kuitenga sauti ya cherehani peke yake kulimla siku nne, maana simu iliona kila mshono ni mtoto. Siku nyingine binti hakulala kabisa, hakikufanyika chochote, naye akajifunza kuiacha siku hiyo ipite bila kuilipia kesho yake.

Siku mbili kabla ya mama kuondoka, tulikuwa sote sebuleni, dada akishona. Chumbani mtoto akaanza kunung'unika, kisha akapaza sauti. Mama akataka kuinuka.

"Ngoja kidogo, mama," shemeji akamzuia.

Cherehani ikaendelea kukimbia. Mara dada akashtuka, akagusa mfuko wa gauni, akaondoka mbio hata kiti kikaanguka. Tulimkuta amembeba mwanawe, akicheka kwa ile sauti yake kubwa asiyoisikia mwenyewe. Kwa mkono uliobaki akamwambia mumewe maneno mawili. Mama, ambaye hakuyaona vizuri, akanitaka nimtafsirie, nikakataa. Shemeji naye akageukia ukuta kama mtu anayekagua rangi ya nyumba.

Programu yenyewe haina sura hata leo: ukurasa mweupe, na neno moja katikati, "Nasikiliza."