Kaburi Ambalo Sikumwonyesha Mgeni

Mgeni akija kwako akauliza habari za kaburi, usimjibu siku hiyo. Mpe maji ya kunywa, muulize habari za njiani, mwache akae. Nimeishi kando ya Mto Tana maisha yangu yote, upande huu wa Idsowe, na sijawahi kuona mtu aliyetafuta kaburi akaishia kwenye kaburi. Shamba la mtoni kwetu halina karatasi. Ukiulizwa ni lako kwa nini, unaonyesha migomba aliyopanda baba yako, halafu unaonyesha mahali alipolazwa. Kwa hiyo anayeuliza kaburi anauliza shamba, hata kama mwenyewe hajui.

Huyu alikuja mwaka huu, maji ya masika yalipoanza kushuka. Mwanamke wa Kizungu, mtu mzima mwenye mvi, kashuka kwenye bodaboda kutoka Garsen akiwa na matope mpaka magotini. Aliletwa na mkwe wangu, mke wa mwanangu mkubwa, anayefundisha watoto wa chekechea kule Minjila. Mgeni alikuwa ameuliza Garsen nani anajua habari za watu wa zamani wa misheni, na mkwe wangu akasema, mama mkwe wangu. Mdomo wa huyo binti hauna mlango.

Na ilikuwa ni wakati gani? Ni wakati tumeambiwa barazani kwamba watu wa ardhi watapita kupima mashamba na kuandika majina ya wenyewe. Watu walikuwa hawalali. Ndugu waliokula sahani moja walikuwa wanaviziana kwenye mipaka. Na mimi ni mjane niliyerudi kulima shamba la baba yangu, na kaka zangu wote wametangulia. Hapo ndipo anapotokea Mzungu na mkoba wa karatasi.

"Mama," mkwe wangu akaniambia, "huyu ametoka Uskoti. Anamtafuta bibi yake wa zamani, bibi wa mama yake mzazi. Aliishi huku mtoni. Hakuolewa."

"Kama hakuolewa, bibi wa nani?"

"Ndiyo hadithi yenyewe, Mama. Msikilize kwanza."

Nikamsikiliza. Alitandaza karatasi zake juu ya mkeka wangu, moja moja, na mkwe wangu akawa ananisomea kwa Kiswahili. Zilikuwa nakala za vitabu vya kijijini kwao. Kitabu cha kuhesabu watu nyumba kwa nyumba kilimkuta yule mwanamke akiwa msichana mdogo, si kwa wazazi wake, bali kwenye shamba la watu, kazi yake kukamua ng'ombe. Hesabu iliyofuata ikamkuta shamba jingine, kazi ileile. Halafu kitabu cha kanisa. Wazee wa kanisa walimwita mbele yao kwa sababu ana mimba na hana mume, wakamtaka amtaje mwanamume. Hakumtaja.

"Hata kwao?" nikauliza. Nilidhani wazee wa kuketi na kumhukumu msichana tunao sisi tu.

"Hata kwao, Mama."

Alizaa mtoto wa kike. Kitabu kilichofuata kinamwandika yule mtoto kuwa ni mtoto wa nyanya yake, kana kwamba bibi kizee amezaa uzeeni. Mama mwenyewe hayupo tena. Karatasi ya mwisho inasema tu amekwenda Afrika kutumika katika nyumba ya wamisheni, Mto Tana. Hajaolewa. Mgeni akaweka kidole hapo, akanitazama.

Mimi nilikuwa nimeshamjua tangu mkwe wangu aliposema Uskoti. Mama yangu mzazi, alipokuwa msichana, alimtekea maji huyo Mskoti. Wamisheni walipoondoka na kuhamia kwingine, yeye hakuondoka nao. Babu yangu akampa mahali pa kujenga mwisho wa shamba letu, akakaa hapo na mbuzi wake mpaka alipokufa, na wakamzika hapohapo. Alipewa mahali pa kukaa. Hakupewa shamba. Huo ni utaratibu wetu: mgeni unamkaribisha juu ya ardhi, ardhi yenyewe inabaki ilipo. Lakini nani leo atashuhudia babu yangu alisema nini? Waliosikia wote wako chini.

Nikasema, "Nilisikia kulikuwa na Mzungu. Mahali sipajui."

Mkwe wangu akanikazia macho. Anajua ninavyopajua. Kila mwaka tukipalilia kule mwisho namwambia asitie jembe pale penye tuta. Lakini alitafsiri kama nilivyosema, na kwa hilo nampa sifa yake.

Kesho yake mgeni akarudi. Nikaamua kumpima. Nikamwambia, labda ni kule kwenye malka ya zamani, ile njia ambayo ng'ombe wa Waorma walikuwa wakishukia majini kabla mto haujahama. Hapana kitu pale ila magugu na kinyesi kikavu. Tukaenda, mimi mbele na fimbo yangu. Nilitaka kuona: mtu anayemlilia marehemu hutazama chini, anayetaka ardhi hutazama huku na huku.

Akasimama pale, akatazama chini kidogo. Nikaanza kulegea. Halafu akatoa simu, akaiinua juu, akageuka pande zote.

"Anafanya nini huyo?"

"Anaweka alama ya mahali, Mama, ili wasipotee akirudi."

"Wasipotee nani? Si amekuja peke yake?"

"Ni namna ya kusema tu."

"Mwambie afute."

"Mama, wewe ungemshuku hata malaika."

"Malaika akija na simu, ndiyo. Mwambie afute, na wewe uone kwa macho yako inafutika."

Nina sababu. Miaka ya nyuma walikuja kwanza watu wa kuangalia ndege, wapole, wanakaa kwenye majani na darubini. Wakauliza mto unafurika mpaka wapi, tukawaonyesha, kwani ni siri? Baadaye wakaja wengine wana ramani, na kwenye ramani ile mashamba yetu yaliitwa ardhi tupu. Siwezi kuapa kwamba wa ndege ndio waliowaambia wa ramani. Lakini tangu hapo mimi simwonyeshi mtu mpaka wa maji.

Mgeni akafuta. Uso ulikuwa umemwiva, kwa jua au kwa hasira sijui. Tukarudi nyumbani, nikapakua wali na samaki maana chakula hakigombani na mtu. Akala vizuri, kwa mkono, hakubagua mifupa. Alipomaliza akaongea kwa muda mrefu na mkwe wangu, kisha mkwe wangu akanigeukia.

"Anasema hakuja kwa ajili ya kaburi. Kaburi aliuliza kwa sababu hakujua aulize nini kingine. Anasema yule mtoto aliyeachwa alikua akiambiwa mama yake ni dada yake. Alipojua ukweli alikuwa mtu mzima, na mpaka anakufa alikuwa akisema, hakunitaka, alivuka bahari akanisahau. Maneno hayo yamekaa nyumbani mwao mpaka leo, kila mama anamwachia binti yake. Anataka kujua kama alimsahau. Anajua karatasi haziwezi kumwambia."

"Huyo mtoto aliitwa nani?"

Mgeni akalitaja jina.

Jina hilo sitaliandika hapa, ni la watu. Lakini nilipolisikia niliweka kikombe chini. Nimelijua tangu niko mgongoni. Ulimi wetu umelilainisha kidogo, ila ni lilelile. Mama yangu hakuwahi kumwita yule Mskoti kwa jina lake. Nadhani hakulijua. Mtoni wote walimwita Mama Fulani, na huyo Fulani ndiye huyu mtoto.

Ni lazima nieleze, maana mgeni naye hakuelewa mpaka nilipomwelezea. Kwetu mwanamke aliyezaa haitwi jina lake. Anaitwa kwa mtoto wake wa kwanza. Asiyezaa anaitwa binti wa fulani, hata akizeeka. Ukifika kijiji kigeni, wanawake wa mtoni wanakuuliza siku ya kwanza, mtungi ungali kichwani: tukuite mama nani? Hakuna anayekuchagulia jibu. Kwa hiyo yule msichana, aliyekataa kuwajibu wazee wa kanisa, aliwajibu wanawake wa Tana.

Na kwa nini hakuna aliyewahi kumuuliza, huyo mtoto yuko wapi? Kwa sababu walimwona yuko peke yake. Mwanamke mwenye jina la mtoto na hana mtoto, sisi tunajua maana yake: mtoto amekufa. Na mtoto aliyekufa haulizwi. Wakamhurumia kimya kimya mpaka anazikwa, kumbe mtoto mzima yuko ng'ambo anakua, naye anadhani amesahauliwa. Mama yangu alikufa akiamini hivyo. Mimi pia, mpaka siku ile.

Basi nikakaa na jambo hilo kifuani, na mgeni ananitazama. Msidhani ilikuwa rahisi. Mskoti asiye na mtoto hana mrithi. Mskoti mwenye mtoto ana mrithi, na mrithi huyo ameketi juu ya mkeka wangu, ameshiba wali wangu. Nikisema neno hilo ninamfungulia mlango. Na mkwe wangu hajui kufunga mdomo, na watu wa ardhi wako njiani.

Nikamwambia mkwe wangu, "Muulize, nikimwambia ninachokijua, atataka nini baada ya hapo?"

Akauliza. Mgeni akatikisa kichwa. Mkwe wangu akasema, "Anasema, atake nini tena?"

Hilo halikunitosha, lakini nilisema. Mtu hanyimwi mama yake. Nikaeleza yote niliyoyaeleza hapa juu, isipokuwa mahali. Mkwe wangu alitafsiri. Mgeni hakulia mara moja. Aliuliza, walimwitaje hasa, kwa sauti gani?

Nikamchukua mpaka ukingoni, pale wanawake wanapofulia. Nikaweka mikono mdomoni, nikaita kama mama yangu alivyokuwa akituigizia: Mama Fulani eee! Maji yakaibeba sauti.

Ng'ambo, jirani yangu akainuka kwenye mpunga wake. "Nani anaitwa? Kuna msiba?"

"Hakuna! Lima mpunga wako!"

"Sasa unapiga kelele za nini, mwanamke mzima?"

Hapo mgeni akacheka, halafu ndipo akalia, akiwa amekaa kwenye jiwe la kufulia. Nikamwacha. Akajaribu kuita mwenyewe, sauti ndogo, haikufika popote.

Aliondoka jioni ile na bodaboda. Hakuuliza kaburi tena, hata kwa kuzunguka. Nilimvizia alipokuwa akiaga, nione kama atatazama mwisho wa shamba. Alitazama mto. Mkwe wangu akaniambia, "Umeona sasa? Ulimdhulumu." Nikamjibu, mtu anaweza kuwa mwema na wajukuu zake wakaja na mawakili.

Watu wa ardhi bado hawajapita. Watakapopita nitasimama mpakani, nitawaonyesha baba yangu na babu yangu walipolala, na lile tuta la tatu nitalifunika kwa mabua ya mahindi. Siku jina langu litakapoandikwa na karatasi ikiwa mkononi mwangu, mkwe wangu ampigie simu yule mwanamke wa Uskoti. Aje tu. Nitampeleka kwa miguu yangu mwenyewe, na nitayaondoa mabua yale kwa mkono wangu.