Bawabu na Umaskini wa Bwana Wake

Filero alikuwa bawabu wa nyumba ya Kalvisio mjini Roma, na mali yake yote ilikuwa blanketi moja la viraka. Hata mnyororo uliomfunga mguu pale mlangoni ulikuwa wa bwana. Alilala hapo hapo mlangoni, joto na baridi, mpaka kikohozi kikawa jamaa yake wa karibu.

Majira yale ya baridi Kalvisio alishikwa na homa ya hekima. Matajiri wenzake walikuwa na chumba cha umaskini, ambamo walilala kwenye majani makavu na kutafuna mkate mweusi kwa siku chache, ili roho isizoee anasa. Naye akajenga chake, kikamgharimu kuliko ukumbi wa wageni. Kilichokosekana ni blanketi chakavu. Mafundi walijaribu kulichakaza jipya, lakini likagoma kunuka inavyotakiwa. Basi akachukua la Filero.

"Na mimi nijifunike nini, bwana?"

"Jifunike subira," Kalvisio akamjibu, na wageni wake wakatikisa vichwa kwa kuguswa. Mbele yao, akianza mazoezi yake ya umaskini, akaamuru jiko lizimwe siku zote hizo, na bawabu akiruhusu chakula kipite achapwe, hata kama bwana mwenyewe ndiye atakayeomba.

Filero alitetemeka hadi kukakucha, na kusema kweli alimchukia bwana wake kwa moyo wote. Jioni akaja mtumishi wa dada yake Kalvisio na sinia, ndege wa kuchoma wakinukia asali. Filero akamwambia kwa upole arudi nalo. Walibishana mpaka Kalvisio mwenyewe akatoka chumbani, blanketi mabegani, akiangaza huku na huku.

"Mpishe apite, Filero."

"Nitachapwa, bwana."

"Na nani? Si mimi?"

"Ndiyo, bwana. Ulisema hata ukiomba, na wageni walisikia." Akakohoa. "Halafu baridi imenikausha mikono, komeo halivutiki. Labda ningejifunika kidogo."

Kalvisio alilitazama sinia, akalitazama blanketi. Akalivua, na komeo likavutika.

Asubuhi wageni walimkuta amejilaza juu ya majani bila kitu cha kujifunika, mashavu yakimeremeta mafuta. Akawaeleza jinsi alivyomhurumia mtumwa wake, akampa hata blanketi lake la mwisho. Mmoja alifuta machozi. Wakaenda mlangoni kumwuliza Filero kama anajua bahati aliyonayo ya kuwa na bwana wa namna ile.

"Najua sana," alisema, akilivuta blanketi hadi kidevuni. "Mwambieni asichoke kufanya mazoezi. Viatu pia sina."