Opera Tusiyoimaliza

Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema. Wageni wa mtaa wetu wa Shituru, huko Katanga, hawakuniponya hata siku moja, waliniharibia opera.

Opera yenyewe ilikuwa kwenye kaseti ya video ya jirani yetu, mwalimu, rafiki mkubwa wa mama, nasi tuliitazama nyumbani kwake. Ni opera ya zamani iliyogeuzwa filamu ya televisheni, na mpaka leo sijakutana na mtu mwingine anayeijua. Waimbaji walipelekwa kwenye kinu cha kweli cha kusagia nafaka kando ya mto, nguo zao zikilowa, midomo ikichelewa nyuma ya sauti. Binti wa mwenye kinu amehukumiwa kufa. Mchumba wake yuko njiani kumletea msamaha. Waliimba Kiitaliano, na maandishi ya chini yalikuwa Kifaransa, ambacho mama hakukisoma. Jirani alimsomea kwa Kiswahili, na mama aliuliza kila mara, "Atafika?" Hata jirani hakujua, maana hakukubali kuitazama peke yake.

Kwetu mtu akiingia filamu ikiwa katikati, kaseti inarudishwa mwanzo. Ndiyo heshima. Amekuja kuomba chumvi tu, lakini ameketi: rudisha! Na kabla ya kufika mwisho, umeme wa bwawa la Mwadingusha unakatika. Nilitamani kuupigilia mlango misumari.

Kisha majirani wenye asili ya mkoa jirani wa Kasai wakaanza kufukuzwa Katanga, na rafiki wa mama alikuwa mmoja wao. Alasiri yake ya mwisho umeme uliwaka vizuri. Tulifika pale binti anapotolewa gerezani. Hodi! Wanawake wa kanisani walikuja kumuaga. Nikamsihi mama kwa macho.

"Rudisha ku mwanzo," akasema. "Bageni bataelewa nini?"

Nikarudisha huku nikilia kwa hasira. Umeme ukakatika. Kesho yake jirani alipanda treni, kaseti akamwachia mama.

Miaka ilipita kabla sijapata mashine yangu ya video. Nilimkalisha mama, nikafunga mlango kwa ufunguo, nikaanza kumsomea. Gereza likafunguliwa. Mama akanishika mkono.

"Simamisha. Mwenzangu hayaona mwisho bado."

"Mama, ule hatarudia huku!"

"Akirudia, tutaanzia ku mwanzo."

Siku hiyo umeme haukukatika.