Mikebe Tuliyoizika Ikutha

Nilikuwa karani katika ofisi ya biashara ya wilaya, Kitui, na kazi yangu ilikuwa kuwaeleza wenye maduka yale ambayo Nairobi imekataza. Bidhaa za Makaburu wa Afrika Kusini zilikuwa marufuku tangu uhuru, lakini marufuku yenyewe haikukaa palepale. Mataifa yakikutana ng'ambo na kukaza kamba, waziri alitia sahihi, tangazo likatoka katika gazeti la serikali, nasi tukapanda Landrova kwenda kuwaambia watu kwamba cha halali jana leo ni haramu.

Ikutha kulikuwa na mjane Mwislamu, watu wake wa asili ya Mombasa, aliyeuza vitambaa na vyakula vya mikebe. Safari ya kwanza nilitazama mikebe yake ya matunda, nikaona karatasi zinataja nchi nyingine, nikamwambia haina neno. Safari ya pili nilikuja na agizo jipya: kitu cha Makaburu kikipitishwa nchi ya tatu na kubandikwa karatasi nyingine, bado ni chao. Nikabandua karatasi moja. Chini yake, kwenye bati, palikuwa pamepigwa chapa ya jina la mji wa huko kusini.

"Wewe mwenyewe ulisema ni halali," akaniambia.

"Ilikuwa halali, mama. Sheria imebadilika."

Agizo lilitaka mali iharibiwe mbele yangu. Hakutaka moto karibu na duka, basi tukachimba shimo nyuma, tukaifukia yote.

Kiangazi kilipokaza, habari zikafika Kitui kwamba ardhi ya Ikutha inagonga. Mimi nilicheka. Mkubwa wangu hakucheka, alinituma.

Nilifika adhuhuri. Soko lilijaa, ila upande ule wa nyuma ya duka hapakuwa na mtu. Mbuzi walifika mahali fulani wakageuka, kana kwamba pana ua. Mjane alinisindikiza hadi mlango wa nyuma, akabaki ndani. Nikasimama juu ya udongo. Kimya. Kisha kitu kikapiga kutoka chini, nikakihisi kwenye nyayo kabla ya kukisikia. Nikasogea kando. Kikapiga tena, pale niliposogea.

Nilijikaza nikachimba. Mikebe ilikuwa imevimba kama matumbo ya mizoga, mingine imepasuka, na harufu tamu iliyochacha ikanishika kooni. Nikawaeleza watu waliosimama mbali kwamba ni joto tu: matunda yakichacha, hewa hutafuta pa kutokea.

Mzee mmoja wa kanisa alinisikiliza hadi mwisho, kwa heshima.

"Na chini ya kanisa letu," akauliza, "huko nako mlizika mikebe?"

Nikafukia shimo, nikarudi Kitui. Mjane alifunga duka mwezi uleule, akahamia Mtito Andei kuwapikia madereva wa malori.

Miaka ilipita, mambo ya kusini yakabadilika, marufuku ikaondolewa. Nikazunguka tena maduka yaleyale nikitangaza kwamba sasa ni ruhusa. Ikutha nilimkuta yule mzee, amezeeka sana. Alishukuru kwa habari, akanikaribisha ibada ya Jumapili. Siku hizi, alisema, wanasali uwanjani, mbali kidogo na jengo.