Gauni la Kubana Kiuno

Mimi ndiye niliyemshonea mdogo wangu gauni la harusi, na mpaka leo sijajisamehe.

Mama yetu aliolewa na gauni pana, limeachiwa tangu kifuani, la kuazima kwa masista. Waliomfuata wakavaa fupi za magotini. Kufika miaka ya tisini, Mpanda yote ilitaka satini iliyokuja na treni, mikono ya puto, na kiuno cha kubana mpaka bibi harusi apumue kwa kuibia. Nilizishona hizo kwa cherehani yangu pale Ilembo, na nilizipenda, nisiseme uongo.

Mdogo wangu alipokuja kupimwa, akasema anataka pana kama la mama. Shangazi yetu akacheka.

"Nyie wa siku hizi mna vituko. Mnataka tuonekane washamba? Bana kiuno."

Kwetu shangazi akishasema jambo la harusi, limeisha. Nikamzungushia futi kiunoni: inchi ishirini na nane. Mdogo wangu alinitazama tu, nami nikaendelea kuandika vipimo.

Mwezi mmoja baadaye akajaribu gauni, zipu ikagoma. Futi ikasoma thelathini na moja. Shangazi akafurahi, akasema hayo ni maziwa ya wakwe, maana wakwe walikuwa Wasukuma wenye ng'ombe na bibi harusi alikuwa amewekwa ndani, kazi yake kula. Lakini maziwa hunenepesha na mikono, na ya kwake ilikuwa nyembamba vilevile. Ilikuwa mimba. Parokiani kwetu mwenye mimba alifungishwa ndoa, ila shela havai.

"Dada, niachie kiuno kidogo," mdogo wangu akaninong'oneza shangazi alipotoka.

Niachie nini? Nilikuwa nimeshapunguza pindo zote, hakukubaki kitambaa cha kuachia. Satini nyingine iko Tabora, harusi Jumamosi. Nikafumua nilichoweza, huku nalia.

Jumamosi, mlangoni mwa kanisa, mama mmoja kiongozi wa wanawake akamwekea mdogo wangu kiganja kiunoni.

"Vua shela, mwanangu."

Alisema kwa upole, na upole ule uliniumiza kuliko matusi. Shela nikalipokea mimi, nikakaa nalo mapajani misa nzima. Shangazi hakunyanyua uso.

Tulipotoka nikamwomba mdogo wangu msamaha.

"Sikuweza kukwambia kwa mdomo," akasema. "Nilidhani nikikuomba gauni pana kama la mama, wewe fundi utaelewa."

Nami sikuwa nimeelewa. Nilikuwa naandika vipimo.